Mtungi wa maji uliovalishwa puluki: minara ya Kuwait na boriti zetu



Msimu wa harusi ukishapita simu yangu hujaa picha za fungate. Muscat, Dubai, Istanbul, na siku hizi wapo wanaofika mpaka Kuwait kwa sababu wana jamaa kule. Na picha ya Kuwait haikosi ile minara mitatu ya ufukweni: mmoja una matufe mawili makubwa ya buluu, wa pili una tufe moja, wa tatu mwembamba kama sindano. Bibi harusi kasimama mbele na buibui lake jipya, mume pembeni, bahari nyuma yao. Masha Allah, zinapendeza. Lakini katika wote walionitumia picha hizo, hakuna hata mmoja aliyetaja kuwa kile alichokiegemea ni tangi la maji.

Naam, tangi la maji. Kama lile tangi jeusi la plastiki tunalopandisha juu ya mnara wa zege uani ili maji yateremke kwa nguvu chooni na jikoni, ila hili limejengwa kwa mji mzima. Na habari yake inatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko tunavyodhani.

Kuwait ya zamani ilikuwa mji mdogo wa watu wa bahari. Waliunda vyombo, walizamia lulu, walisafiri kibiashara. Mafuta yalikuwepo chini ya ardhi, lakini hakuna aliyeyajua, na kitu walichokihitaji kila siku hawakuwa nacho. Kuwait haina mto hata mmoja. Mvua yake ni ya manyunyu ya miezi michache ya baridi. Visima vilikuwepo, vifupi, na maji yake mengi ni ya chumvichumvi. Nyumba ziliwekwa milizamu kwenye mapaa ili mvua ikinyesha maji yateremke yakusanywe kwenye birika la uani, maana tone moja lilikuwa na thamani. Nguo wanawake walikwenda kuzifulia baharini. Hebu fikiria, shoga yangu, kufua kanzu nyeupe kwa maji ya bahari, halafu jua la kule!

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa wameongezeka na visima haviwatoshi tena. Ndipo vyombo vikaanza kwenda kaskazini, kwenye Shatt al-Arab, pale mito ya Dijla na Furati inapokutana kabla ya kuingia baharini, kujaza maji matamu na kurudi kuyauza mjini. Majahazi yalitiwa matangi ya mbao ndani. Yakifika ufukweni, maji yalishushwa, yakatiwa kwenye viriba vya ngozi juu ya punda, au yakabebwa na wachukuzi wenye mti mabegani, kopo huku na kopo huku, wakapita mlango kwa mlango. Wachukuzi hao waliitwa kandari. Mwaka 1939 biashara ile iliundiwa kampuni kabisa. Upepo ukiwa mbaya, majahazi huchelewa, na jahazi likichelewa bei ya maji hupanda. Anayenunua dumu mtaani kwetu siku umeme umekatika na pampu hazifanyi kazi haihitaji kuelezwa zaidi.

Sasa sikilizeni sehemu yetu.

Pale pale Shatt al-Arab yalipotoka maji ya kunywa ya Kuwait ndipo yalipotoka tende za Basra. Majahazi makubwa ya Kuwait, aina ya bumu, yalijaza tende kule baada ya mavuno, yakashuka na pepo za kaskazi kupitia pwani ya Arabuni na Somalia mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Tende zile wakubwa zetu wamezifuturia. Na wakati wa kurudi, kusi ikianza kuvuma, vyombo havikurudi vitupu. Vilipakia boriti za mikoko. Kuwait hakuna miti ya kujengea, kwa hiyo paa la nyumba ya Mkuwaiti lilikuwa ni mikoko ya Lamu na ya Rufiji. Wao wanaziita chandal. Huzilaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mianzi iliyopasuliwa, halafu mikeka, halafu udongo. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mkiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe mkaona vyumba virefu lakini vyembamba, sababu ni hiyo hiyo, na chumba cha namna ile kilikuwepo Kuwait pia. Mti mmoja, umekatwa kwenye matope ya pwani yetu, umefunika vichwa vya maharusi wa pande mbili za bahari.

Haya si maneno ya vibarazani tu. Baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Najdi. Walishuka pwani yote, wakafika Unguja, wakaenda hadi kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti kwenye joto na mbu, kisha wakarudi Kuwait mwaka 1939. Aliandika kitabu na kupiga picha nyingi sana, na ndizo zinazotuonesha leo jinsi kazi ile ilivyokuwa. Mimi naziangalia zile picha na jicho langu linakwenda kwenye nguo: vitambaa vya kiunoni vimeloa jasho, mgongo wazi, boriti begani. Hakuna aliyebeba mti ule akajua utakwenda kushikilia paa la nani.

Na paa lenyewe lilikuwa na shida zake. Nchi isiyokuwa na maji ilipatwa na gharika: mwaka 1934 ilinyesha mvua kubwa ikaangusha nyumba nyingi za udongo, na mpaka leo wenyewe wanauita mwaka wa kubomoka. Subhanallah. Maji ukiyakosa taabu, yakija kwa wingi bila ya kujiandaa taabu.

Mafuta yaligunduliwa Burgan mwaka 1938, vita vikuu vikachelewesha mambo, na meli ya kwanza ya mafuta ghafi ikaondoka mwaka 1946. Hapa historia huenda mbio na mimi nitakwenda mbio nayo. Pesa zilipopatikana, moja katika kazi za mwanzo ilikuwa maji. Mwaka 1953 ulianza kazi mtambo wa Shuwaikh wa kugeuza maji ya bahari kuwa matamu: unayachemsha, mvuke unapanda, chumvi inabaki chini, mvuke ukipoa unapata maji safi. Ni kile kile kinachotokea kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Mtambo ule ulitoa kama galoni milioni moja kwa siku, yaani takriban lita milioni nne na nusu. Biashara ya majahazi ya maji ikafa. Naikumbusha namba hii kwa sababu nitairudia.

Maji yakishapatikana, yafikishwe majumbani. Kwa hilo huhitaji pampu kila nyumba, unahitaji urefu. Ukiyapandisha maji juu, uzito wake wenyewe unayasukuma kwenye mabomba, na kila mita 10 za kupanda zinaongeza nguvu. Kampuni ya wahandisi ya Sweden, VBB, ndiyo iliyopewa kazi, na msanifu mkuu alikuwa Sune Lindström. Walijenga makundi matano ya minara ya zege yenye umbo la uyoga, michirizi ya buluu na nyeupe, na bado imesimama mitaani. Kwa kundi la sita watawala wakasema hapana, hapa tunataka kitu cha kuangaliwa. Kiwanja kilikuwa ncha ya nchi kavu inayoingia baharini, na jina lake ni Ras Ajuza. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: rasi ya bibi kizee.

Aliyeichora minara ya Rasi ya Ajuza ni mwanamke. Malene Bjørn, msanifu majengo kutoka Denmark. Nimeshangaa watu wangapi wamepiga picha pale na jina lake hawalijui. Ujenzi ulianza mwaka 1971 na kumalizika 1976, na wananchi wakafunguliwa mlango tarehe 1 Machi 1979. Mnara mkubwa una urefu wa mita 187, wa pili mita 147, wa tatu hauna maji wala watu, ndani yake mna mitambo ya taa za kuwamulika wenzake wawili. Somo wa harusi, basi: yeye kazi yake kuhakikisha bibi harusi anaonekana.

Kitu kilichonipendeza zaidi ni lile tufe kubwa la chini kwenye mnara mrefu. Nusu yake ya chini ni maji, mita za ujazo 4,500. Nusu ya juu ni mkahawa na ukumbi. Watu wanakaa wanakula biriani, na chini ya sakafu kuna ziwa. Lita milioni nne na nusu. Mnakumbuka namba ya Shuwaikh? Maji yote ambayo mtambo ule wa 1953 ulitengeneza kwa siku nzima yangelijaza tufe hili moja tu. Nimepiga hesabu kwa kipimo chetu: madumu 225,000 ya lita 20. Tufe dogo la juu ndilo la kutazamia. Liko mita 123 juu ya bahari na linazunguka pole pole, duara moja kwa dakika 30, kwa hiyo umekaa kitako na mji wote unakupitia mbele.

Sasa nizungumze kama fundi cherehani. Yale matufe hayakupakwa rangi. Yamefunikwa na visahani vya chuma zaidi ya 40,000, vyenye enameli, ile ngumu inayong'aa ya sahani na bakuli za bati za bibi zetu. Rangi zake nane, za buluu, kijani na kijivu, na vimepangwa kwa mzunguko kuanzia juu kushuka chini, kukumbusha vigae vya makuba ya misikiti ya zamani. Anayetia puluki kwenye gauni la harusi ataelewa mara moja kilichofanyika. Kitambaa cha bapa ni rahisi, kata mstari uufuate. Lakini kwenye kifua au begani, pale palipo mviringo, ukizipanga puluki kwa mistari iliyonyooka zitaachana na mwanya utaonekana. Lazima uzizungushe, na ubadilishe rangi kidogo kidogo ili jicho lisione unapoanzia wala unapoishia. Bi Malene amefanya hivyo kwenye zege, juu angani.

Na wenyewe Wakuwaiti wanayo tafsiri yao ya ile minara, ambayo kila mwanamke wa pwani ataipenda. Wanasema mmoja ni mrashi, mmoja ni chetezo, na ule mwembamba ni kijiti cha wanja. Angalieni picha zenu tena. Shingo ndefu ya mrashi unayonyunyizia marawaridi wageni wakiingia ukumbini. Chetezo cha udi chini ya gauni la bibi harusi siku ya kuoshwa. Wanja wa machoni. Vyombo vitatu ambavyo havikosekani kwenye sinia la harusi Kuwait, Muscat, Lamu wala Unguja. Mwaka 1980, Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, minara ya maji ya Kuwait ilikuwa miongoni mwa washindi.

Kuna watakaosema hii ni israfu, kwani tangi lina haja gani ya puluki? Nimelifikiria suali hilo kwa sababu nalisikia pia kuhusu magauni. Ukweli ni kwamba ile minara mizuri haibebi mzigo mkubwa. Minara yote ya mpango ule pamoja ilikadiriwa kuweka mita za ujazo 102,000, na hii miwili ya Rasi ya Ajuza ina 9,000 tu, hata sehemu moja ya kumi haifiki. Kazi nzito inafanywa na ile minara ya uyoga ya mitaani ambayo hakuna anayekwenda kupigia picha. Kama mapishi ya harusi: ukumbini wanaonekana maharusi, na jikoni kuna mama wamekesha na masufuria.

Pamoja na hayo, mimi siiti israfu kuyapamba maji. Watu waliokuwa wakingoja jahazi ndio wanywe, walipopata uwezo wakachukua chombo cha maji wakakivisha kama bibi harusi na kukiweka mahali pa juu kuliko vyote mjini. Naiona ni shukrani. Bi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alitumia mali yake kuwachimbia mahujaji visima na mabirika njiani kutoka Kufa na kupeleka maji Makka, na zaidi ya miaka 1,200 imepita jina lake bado linatajwa. Mali ikienda kwenye maji haikupotea.

Israfu naiona kwengine. Kuwait leo imo katika nchi ambazo mtu mmoja hutumia maji mengi kabisa duniani, na karibu yote ya kunywa yanatoka kwenye mitambo inayochoma mafuta na gesi usiku na mchana kuyatoa baharini. Wajukuu wa waliofua nguo zao baharini wanafungulia bomba bila ya kufikiri. Sisemi kwa kuwacheka. Hapa kwetu Sultani Barghash alituletea maji ya bomba mjini katika karne ya 19 kutoka chemchemi za upande wa Bububu, Waarabu wa Ghuba wakati huo wakiwa bado wanategemea visima na viriba. Tulitangulia sisi. Na leo kwenye ng'ambo yetu kuna nyumba ambazo mwanamwali anatoka na ndoo alfajiri kutafuta maji ya kutilia udhu. Mwisho wa Surat al-Mulk, ambayo wengi wetu tunaisoma kila usiku, Mola anatuuliza maji yetu yakizama ardhini ni nani atakayetuletea mengine. Suali hilo wakubwa wa Kuwait walilijua kwa miili yao.

Minara nayo imeonja. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraq yaliingia Kuwait, wakakaa mpaka mwishoni mwa Februari 1991. Minara ilipigwa na kuharibiwa, ndani kukavunjwa. Visima vya mafuta zaidi ya 600 viliwashwa moto, anga likawa jeusi mchana. Baada ya vita waliirekebisha. Halafu mwaka 2012 wakaifunga tena kwa matengenezo, na watu hawakuruhusiwa kupanda hadi Machi 2016. Miaka minne! Nakumbuka nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona ni muda mrefu kupita kiasi kwa nchi yenye pesa.

Sasa sioni hivyo. Beit al-Ajaib yetu ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya huyo huyo Barghash, na kutoka roshani zake ulikuwa ukiiona Forodhani yote, bandari na majahazi. Tumepigia picha za harusi pale mbele, wengi wetu. Tarehe 25 Disemba 2020 mnara wake wa saa uliporomoka pamoja na sehemu ya jengo, wakati mafundi wamo kazini, na watu wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Tangu siku hiyo nikisikia jengo la zamani limefungwa miaka minne kwa matengenezo, nasema lifungeni hata sita.

Kwa mwenye safari ya Kuwait, inshallah, nitamwambia hivi. Minara iko mwisho wa mji, upande wa kasri ya Dasman, na unapanda kwa lifti. Nenda baada ya swala ya Alasiri, jua linapopoa, ili ukae mpaka taa ziwashwe. Picha piga, usiache, na kama gauni lina puluki za buluu ndiyo kabisa. Kisha ukifika juu kaa kitako usiwe na haraka, lile tufe litakuzungusha wenyewe. Kwanza utaona mji, maghorofa ya vioo. Halafu bahari ya wazi, upande wa kisiwa cha Failaka. Tazama kaskazini: njia ile ndiyo majahazi ya maji yaliyokuwa yakiteremkia kutoka Shatt al-Arab. Kwengine yalipita yaliyokuja kwetu na tende, yakarudi na boriti. Chini yako, kwenye tufe kubwa, ndipo yalipo maji yenyewe.